Kitako cha Bunduki ya Baba

Wapendwa, kabla sijafungua Kitabu, nipeni dakika chache niwapeleke shambani. Msiwe na wasiwasi, tutarudi kabla maharage hayajaungua huko nyumbani. Na wewe mama uliyechelewa, pita tu, ukae, ndiyo kwanza tunaanza.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyerithi bunduki ya baba yake. Ilikuwa bunduki ya marisawa, mitutu miwili, ya zamani kweli kweli, na mbao ya kitako chake ilikuwa inang'aa kwa kushikwa miaka mingi. Akafuata taratibu zote polisi, kibali kikahamia jina lake. Na pamoja na kibali akarithi kazi, maana baba yake ndiye aliyekuwa akilinda mahindi ya kijiji kizima yasiliwe na nguruwe pori.

Basi asubuhi ya kwanza nguruwe wakaja. Akaweka bunduki begani, akalenga, akafyatua. Nguruwe wakaendelea na chakula chao. Asubuhi ya pili, vilevile. Ya tatu akakosa nguruwe, akatoboa debe la maji la jirani. Na kila alipofyatua, kitako kilimgonga shavu mpaka likavimba.

Mnacheka? Wenye mahindi hawakucheka. Walikuwa na watoto wa kulisha. Wakampa mpaka Jumamosi: akishindwa, airudishe bunduki polisi, na kazi ya baba yake apewe mtu mwingine.

Akaenda nyumbani, akaigeuza bunduki huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliangalia vizuri. Kitako kilikuwa kimepinda. Hakikunyooka na mitutu, kilikwenda pembeni kidogo. Akakumbuka shavu la marehemu baba yake lilivyokuwa jekundu na kuchubuka baada ya kila msako. Akakumbuka mzee alivyokuwa akipinda shingo ajabu ndipo alenge, hata watu wakamwita Mzee Shingo, na yeye mwanawe akaona haya mbele ya wenzake. Akasema moyoni, "Kumbe maisha yake yote alitumia kitu kibovu, na hakuwa na akili ya kukitengeneza."

Akatafuta fundi. Seremala wa kijijini akamwambia, "Kiache hapa, nikikate nikuwekee cha mninga." Fundi baiskeli akasema hiyo ni kazi ya kubana tu na kugonga nyundo. Yule bwana akawashukuru, akaondoka haraka. Ijumaa akapanda basi mpaka mjini kwa fundi bunduki mwenye leseni, na alipofika akakuta fundi mwenyewe ni mama wa makamo, amevaa aproni ya ngozi, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo mama. Namtafuta fundi."

"Marahaba. Umempata. Alikuwa baba yangu, sasa ni mimi. Una shida gani?"

"Kitako hiki kimepinda. Naomba uninyooshee, na nikipata leo nitashukuru."

Yule mama akaifungua, akahakikisha haina risasi. Akachungulia mitutuni, akapitisha kidole kwenye mbao. Akachukua bisibisi akaanza kufungua kibati cha chuma kilichoko mwisho wa kitako.

"Mama, tatizo haliko huko."

"Najua. Lakini sisi huandika kipimo cha mwenye bunduki humu chini. Siwezi kubadilisha kipimo cha mtu kabla sijajua ni cha nani."

Kibati kikatoka. Kweli, juu ya mbao ile kulikuwa na maandishi ya penseli. Akayasogeza kwenye mwanga, akayasoma.

"Huu mwandiko wa marehemu baba yangu," akasema. "Baba yako alitumia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na wewe?"

Hapo akasita. Wapendwa, mnajua kwetu mtoto akishika ugali kwa mkono wa kushoto kinachompata. Huyu alipigwa vidole na bibi, akapigwa na shangazi, akapigwa na mwalimu, mpaka mkono ule ukajifunza kukaa chini ya meza. Baba yake peke yake hakuwahi kumpiga, lakini wala hakumtetea. Alinyamaza tu, na mtoto akaamini kwamba baba naye anamwonea aibu.

"Wa kulia," akajibu.

"Sikuulizi walichokufundisha," mama akasema. "Soma hapa."

Akasoma. Yalikuwa maneno machache: Ya mwanawe. Anatumia kushoto. Pindisha kwa moto na mafuta. Urefu uwe wa baba, maana mtoto atamfikia. Na chini yake mwaka. Akapiga hesabu. Mwaka ule alikuwa na miaka saba.

"Weka bega la kushoto," yule mama akamwambia.

"Hapa? Mbele yako?"

"Weka."

Akaweka. Ndugu zangu, kile kitako kikaingia begani kikatulia. Shavu likalala kwenye mbao bila kubanwa. Jicho likafunguka, na kile kitone cha shaba cha kulengea kwenye ncha ya mtutu kikawa pale pale, katikati, hakutafuta, hakupinda shingo. Mtu mzima yule akaishusha polepole. Aliogopa, lakini haikuwa hofu ya kitu kibaya. Aliogopa namna alivyokuwa amependwa bila kujua, na mtu asiyesema. Miaka ishirini na sita baba yake alipiga bunduki isiyo yake, akavimba shavu, akaitwa Mzee Shingo, akavumilia, ili siku moja mtoto asiye wa mkono wa kulia aikute tayari.

"Sasa nianze kunyoosha?" mama akauliza.

"Mama, usiiguse."

Jumamosi alisimama pembeni ya mahindi, mbele ya kijiji chote, akaweka bega la kushoto. Wazee wakaguna. Akafyatua mara moja, na asubuhi ile nguruwe waliobaki hai walirudi msituni mbio.

Haya, na sisi? Ni mara ngapi tumebeba maisha yetu kwa mafundi, tukasema, hapa pamepinda, ninyoosheni? Umepewa ulimi mzito, unaomba mwepesi. Umepewa moyo unaolia haraka, unaona haya, unauficha chini ya meza. Tena tunanung'unika kwamba Mungu amenyamaza. Ulishawahi kujiuliza ukimya ule ulikuwa unafanya kazi gani? Na ulishawahi kuuliza ni nani aliyeumia, ili kilichoko mikononi mwako kikukae wewe?

Mimi nikiliwaza hilo nataka kuomba, nawaambia ukweli.

Tusimame tuombe. Kila mtu ainue mkono mmoja juu.

Naona. Kanisa zima mmeinua wa kulia. Ushusheni huo. Mbele ya Baba yenu, inueni ule mwingine.