Jina la Mjukuu wa Bi Mwanahawa

Hapo zamani, si zamani sana, maana umeme ulikuwepo na ulikuwa ukikatika kama unavyokatika sasa, palikuwa na mji uitwao Magubani. Katika mji huo mtoto mchanga hakutolewa nje mpaka arobaini yake. Alikaa na mama yake chumba cha ndani, pazia limeshushwa, asipigwe na upepo wala jicho la mtu. Siku ya kutoka, bibi yake alimnong'oneza jina sikioni, na jina hilo lilikuwa la mtu aliye hai. Huyo ndiye aliyekuwa somo yake. Somo humfunza mtoto akikua, na humkalia ubavuni siku ya harusi. Kwa hiyo jina halikutolewa ovyo.

Katika mji huo watoto wengi walikuwa na mtindio wa ubongo. Mmoja wao alikuwa Maimuna, binti wa Mwanakombo muuza vitumbua. Umri wa shule alikuwa nao, lakini shingo ilikuwa haijakaza, miguu ilipishana kama mkasi, na maneno hayakutoka. Kucheka alicheka, tena kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Hata hivyo, palipokuwa na mzazi aliyejifungua, Mwanakombo hakukaribishwa. "Asije akatuachia yake," walisema.

Akaja daktari, Sabiha, kutafuta chanzo. Akakaa na akina mama mmoja mmoja: mtoto alilia alipozaliwa? Alinyonya? Alipata homa? Majibu hayakuwa mamoja. Wengine watoto wao walichelewa kulia. Wengine waliungua homa. Lakini wengi walisema kama alivyosema Mwanakombo: "Alizaliwa mzima, daktari. Kisha akawa analala tu, ziwa halitaki. Siku nilipomsogeza mlangoni nikaona macho yake ya njano. Mama mkwe akasema ni maziwa yangu mabaya."

Daktari akasema, "Watoto wengi hupata manjano, na kwa kawaida hupungua yenyewe. Yakizidi mno huingia ubongoni. Nadhani ndiyo yanayowaharibu watoto wa hapa. Lakini nadhani tu. Lazima nipime watoto wachanga, nyumba kwa nyumba, ndipo nijue."

Kabla hajapima, wafadhili wake wakajitoa. Wakamwambia, "Ugonjwa huu hauambukizi. Unaweza kungoja." Fedha wakazipeleka kwingine.

Daktari akaitwa kazi jiji kubwa, yenye nyumba na gari. Akakataa. Akaenda kuomba msaada kwa Bi Raya, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha harusi. Kikundi kilikuwa kimejikusanyia fedha za sare, tena sare ya harusi ya binti yake Bi Raya mwenyewe, kitenge kimeshachaguliwa.

Bi Raya akawaita wenzake, akawaeleza. Ukumbi ukachafuka.

"Utafiti!" akasema mmoja. "Utafiti unavaliwa?"

"Unavaliwa na kilemba," akadakia mwingine, wakacheka.

Wa tatu hakucheka. Akasema, "Kama ni kusaidia, tumnunulie Maimuna kiti cha magurudumu. Tukitoa, tukione kwa macho. Huo utafiti ukifika mwisho utamnyoosha Maimuna miguu?"

Daktari hakusema uongo. Akajibu, "Hapana. Maimuna hautamnyoosha."

Wote wakamgeukia Mwanakombo, binti yake mgongoni. Akasema, "Kiti nakitaka, jamani, nisiwadanganye. Kiuno kinaniuma. Lakini mkinipa kiti, mwakani mtanunua kingine, na kingine. Mimi mgongo bado ninao. Fedha zipelekeni kwa daktari."

Bi Raya akasema, "Basi na mwanangu ataolewa bila sare."

Akaolewa bila sare. Kila mwanamke alivaa alichokuwa nacho, na wageni wa upande wa bwana harusi wakasema wazi wazi, "Harusi hii au gulio la mitumba?" Bi Raya akameza. Kwa fedha hizo daktari akanunua kifaa cha kupima manjano kwenye ngozi, na taa ya buluu ya kuyashusha, ikafungwa hospitali.

Lakini hapo ndipo kazi ilipokwama. Daktari alibisha hodi, bibi wa mtoto akamwambia mlangoni, "Njoo akishatoka arobaini." Akarudi na kifaa chake. Nyumba ya pili, vilevile. Nyumba ya tatu, vilevile. Kifaa kikakaa mkobani, na yeye usingizi ukampotea.

Wakati huo Mwajabu, binti wa Bi Mwanahawa, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mwanakombo akapita na vitumbua vyake, Maimuna mgongoni, akasikia mtoto akilia kilio chembamba. Kilio hicho alikijua. Akasimama dirishani.

"Bi Mwanahawa! Mjukuu ananyonya?"

"Wewe, ondoka dirishani kwangu."

"Nitaondoka. Ananyonya?"

Sauti ya Mwajabu ikatoka ndani, "Hanyonyi tangu jana, dada. Analala tu."

"Siingii ndani, shangazi," akasema Mwanakombo. "Nitasimama huku huku. Vuta pazia umtazame. Mimi nilimtazama wangu nimeshachelewa. Huyu hapa mgongoni, mwone!"

Maimuna akacheka, kama kawaida yake.

Bi Mwanahawa hakuwahi kuvuta pazia la mzazi maishani mwake, wala mama yake hakuwahi. Akalivuta. Mwanga ukamwangukia mtoto, naye alikuwa wa njano kama aliyepakwa binzari, usoni hadi nyayoni.

Wakakimbia hospitali. Daktari akapima. Akamweka mtoto chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa kitambaa, akavuta kiti akakaa hapo hapo. Akapima tena, na tena. Manjano yakaanza kushuka. Asubuhi moja mtoto akafungua kinywa, akatafuta ziwa, akalikamata. Mwajabu akalia, Bi Mwanahawa akapiga kigelegele katikati ya wodi, na muuguzi aliyekuja kumnyamazisha akapiga na yeye.

Kuanzia hapo mapazia ya Magubani yakavutwa, na daktari akapima watoto wote aliotaka kupima.

Ikafika arobaini. Daktari akamchunguza mtoto kwa makini: shingo, mikono, macho. Akasema, "Nitaendelea kumwangalia mpaka atembee. Lakini kwa leo sioni kasoro hata moja." Watu wakashusha pumzi. Kilichobaki ni jina tu, na hapo kukawa na vita vya furaha.

Bi Raya akasema, "Aitwe Raya. Taa ile ni sare ya mwanangu. Nimechekwa na wakwe mpaka leo. Bila fedha, daktari angepima kwa nini, kwa kiganja?"

Daktari akasema, "Na mimi sijitoi. Aitwe Sabiha. Fedha zingenunua vitenge tu kama hapangekuwa na mtu aliyeuliza swali, akakataa kuondoka na jibu halijapatikana."

Mwanakombo akasema, "Mimi sitaki aitwe Mwanakombo. Aitwe Maimuna. Swali la daktari lilitoka kwake. Kiti kilichokuwa chake kimekuwa taa. Na dirishani, shangazi, wewe uliniangalia mimi au ulimwangalia yeye?"

Bi Mwanahawa akafikiri. "Lakini Maimuna hasemi. Somo atamfunza nini mjukuu wangu? Na harusini atamkaliaje?"

"Atakaa," akasema Mwanakombo. "Nitambeba."

Hakuna aliyeondoa dai lake, na hakuna aliyelisema tena.

Sasa Bi Mwanahawa amempakata mtoto. Nyumba imejaa, sinia za pilau zimefunikwa, zinangoja. Ameinama, midomo i karibu na sikio dogo. Nyinyi mnaonisikiliza, jina ni moja na halirudiwi: amnong'oneze lipi? Raya aliyetoa, Sabiha aliyetafuta, au Maimuna? Nani anastahili kuwa somo ya mtoto huyu?