Binti wa Kitambaa cha Njano

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Na nyinyi wa kule nyuma msiniangalie hivyo, leo sigombezi mtu. Nawapa mfano tu.

Kulikuwa na seremala mmoja aliyefiwa na mkewe akabaki na binti mmoja. Alimlea mwenyewe, akimchana nywele asubuhi za shule kwa mikono ile ile ya kushika randa, mpaka majirani wakamcheka. Binti akakua, akapata kazi saluni. Mtoto mzuri, hana neno, ila alikuwa na kitu kimoja anachokipenda kupita kiasi: kundi fulani la muziki wa singeli. Mnaijua singeli, msijifanye watakatifu hapa. Wapenzi wa kundi lile walikuwa wakijifunga kitambaa cha njano mkononi, na Jumapili jioni wanakutana uwanjani, wanaruka, wanapiga kelele, wanarudi makwao. Basi. Seremala hakuipenda ile ngoma hata kidogo, lakini siku hizo alimfunikia binti yake chakula na kumngoja mlangoni.

Sasa mtaani kukaanza kuibwa mita za maji. Unaamka asubuhi, maji yanatiririka barabarani, mita haipo, na ndoo zako tupu. Watu wakawa wakali kama pilipili. Na seremala huyu, kila siku kabla ya kufungua karakana, alikuwa anapita kijiweni kunywa kahawa. Kijiwe mnakijua. Pale kila mtu lazima awe na jibu. Ukisema "sijui", wanakuona umefuata kahawa tu. Basi wakaongea mita, wakaongea mpira, kila mmoja akatia chumvi yake, wakatawanyika kwenda kazini.

Wiki ile ile, seremala anapiga randa, redio iko dirishani. Mtangazaji akasema kwa sauti nzito: "Uchunguzi wetu umebaini kuwa wizi wa mita za maji unahusishwa na mashabiki wa vitambaa vya njano. Mashuhuda waliokaa mtaani hapo muda mrefu wamethibitisha."

Randa ikamponyoka. Umebaini! Wamethibitisha! Haya, nani mwenye ubavu wa kubishana na maneno makubwa namna hiyo?

Binti aliporudi alimkuta baba yake amekaa mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Kimya. Na kwetu mzazi asipoitikia shikamoo, mtoto anajua pameharibika.

"Hizo mita mnapeleka wapi?" baba akauliza.

"Mita gani, baba?"

"Redio imesema. Nyinyi wa vitambaa."

"Baba, umenilea mwenyewe. Umewahi kunikuta na kitu cha mtu?"

 Jibu seremala alikuwa nalo, na jibu lilikuwa hapana, hata siku moja. Lakini aliwaza majirani watasema nini, aliwaza nani ataleta kazi kwenye karakana ya baba wa mwizi. Akasema: "Sasa nikuamini wewe, au niiamini redio?"

Binti hakubisha. Aliingia ndani, akatia nguo zake kwenye begi, akaenda kwa shangazi yake. Baba akabaki na sufuria ya wali, hana wa kumpakulia. Alilia, mwanamume mzima na ndevu zake. Halafu akajifuta, akajiambia kwamba amefanya la haki, maana redio haiwezi kusema kitu bure. Jamani, mnaona mtu anavyoweza kuwa na uhakika huku moyo wake unamkatalia?

Ngojeni, sijamaliza. Yule binti hakuwa wa kukaa kwa shangazi akilia. Alikifunga kitambaa chake vizuri, akawachukua wenzake, wakaenda mpaka kituo cha redio. Wakasema kwa adabu: tunaomba kuwajua hao mashuhuda. Mwandishi wa ile habari akababaika. Kumbe mashuhuda hawakuwa wengi, alikuwa mmoja. Na huyo mmoja hakuhojiwa popote, alirekodiwa kwa simu akiwa anakunywa kahawa. Binti akaomba atumiwe ile sauti, na alipoisikiliza, akakaa chini pale pale mlangoni mwa kituo.

Jioni akaenda karakana. Akaamkia, na safari hii baba akaitikia haraka, kwa sababu alikuwa amemkumbuka sana. Binti akaweka simu juu ya meza ya kazi, akabonyeza. Vikombe vinagongana, watu wanacheka, kisha mzee mmoja anasema: "Si hawa hawa watoto wa vitambaa vya njano? Nani mwingine? Mimi nimekaa mtaa huu tangu hauna umeme. Mimi najua."

Mwanzoni seremala hakumtambua huyo mzee. Ila baada ya "mimi najua" kikaja kikohozi, kikohozi cha vumbi la mbao, na kile alikijua. 

"Mama," alimwambia binti yake, "zile zilikuwa soga. Sikuona kitu. Nilisema tu, watu wacheke."

"Uliniuliza uniamini mimi au uiamini redio," binti akasema. "Baba, redio ni wewe."

Mwizi? Alikamatwa baadaye mji wa jirani. Hakuna aliyemuuliza anapenda muziki gani, na redio haikutangaza. Na je, binti alirudi nyumbani? Naona akina mama mnataka kujua. Mimi nasema hilo lilitegemea baba atasema nini asubuhi inayofuata kijiweni, mbele ya wale wale waliocheka.

Sasa tuje kwetu sisi. Tunapenda kusema "wanasema". Wanasema vijana wale ni wezi, wanasema wale wa uwanjani wanavuta bangi. Ni nani hao wanaosema? Habari ile ya vijana hao, iliyozunguka kwenye simu zetu wiki hii, ndugu zangu, ilianzia wapi? Mimi nimeifuatilia. Ilianzia hapa, kwenye ngazi za kanisa hili, baada ya ibada. Kikohozi nimekitambua.

Geukeni nyuma. Msione haya, geukeni. Mnawaona wale vijana waliokuja leo na vitambaa vyao mkononi? Wamekuja kusali. Mmeona tangu tuanze, benchi lao lina nafasi kulia na kushoto, na hapa mbele mmebanana mpaka watoto mmewapakata?

Sitaendelea na mahubiri kwanza. Nangoja. Inukeni, mkajaze lile benchi, na mkifika, salimianeni nao.