Kiboko Aingia Kesini

Paukwa.
Pakawa.
Vyombo vimeoshwa?
Vimeoshwa, mama.
Basi kaeni. Atakayesinzia tutamfunika.

Kiboko alikuwa hakimu wa bwawa. Alikaa juu ya jiwe akipanga nani anywe kwanza. Alijipanga yeye, kisha yeye tena, kisha jamaa zake. Wadogo walibakiziwa tope.

Kila mwaka alichaguliwa yeye, maana kura ilipigwa kwa mguu, na Nyati alihesabu zile alizozisikia. Kifaru akapiga, ndi! Ikahesabiwa. Tembo akapiga, ndi! Ikahesabiwa. Mama Pimbi akapiga, ti. Haikuhesabiwa.

"Mama, nina kiu," mwanawe akasema.

"Lamba umande, mwanangu. Nitakwenda kushtaki."

Akamshtaki Nyati kwa Korongo, mwamuzi wa mashauri. Kesi ikasikilizwa palepale bwawani.

Kiboko akasema kutoka juu ya jiwe, "Kesi hii inagusa kiti changu. Naomba kuingia."

"Hukushtakiwa, Mheshimiwa," Nyati akasema.

"Wewe hujui kusema. Utanipotezea jiwe."

Korongo akamgeukia Mama Pimbi. "Unapinga?"

"Nipinge nini, Bwana Korongo? Aingie. Ila mila ni mila: mwenye kesi hakai juu ya jiwe, wala hashiki kazi ya kura, mpaka kesi iishe."

"Itaisha leo," Kiboko akasema. Akateremka, bwata!

"Nina shahidi mmoja tu," Mama Pimbi akasema. "Konokono. Yuko njiani."

Kesho yake Korongo akauliza, "Shahidi yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Kesi ikaahirishwa. Keshokutwa, yuko njiani. Mtondo, yuko njiani. Kiboko akasimama juani akisubiri zamu yake ya kusema. Jiwe likabaki tupu, na mwana wa Pimbi akanywa, gudu gudu, mpaka tumbo likawa ngoma.

Siku ya kura ikafika. Kiboko ana kesi, hagombei. Nyati ana kesi, hahesabu. Korongo akahesabu mwenyewe, akigusa vichwa kwa mdomo wake mrefu. Tembo, mmoja. Mama Pimbi, mmoja.

"Na mimi?" mtoto akauliza.

"Wewe bado mdogo," Korongo akasema. Lakini akamgusa, taratibu.

Walipokwisha kumchagua Swala kuwa hakimu, Konokono akatokea. "Nimechelewa?"

"Hapana, ndugu yangu," Mama Pimbi akasema, akimsogezea maji. "Umewahi kabisa. Kunywa."

Funzo ni hili, wanangu: kesi isicheleweshwe, shahidi afike mapema, na mkubwa asiyeitwa azuiwe mlangoni.

Hadithi nimeiacha bwawani, mwenye kiu akaichote. Na wewe, kanawe miguu ukalale.