Ndizi za Bibi Sikudhani na Gari Moshi Lisilosimama

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, hadithi hii haibebwi na watu wenye njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo kale, reli ikiwa mpya bado, watu walitoka huku na huku wakaja kufyeka pori kando yake. Waliahidiwa: limeni hapa, gari moshi litabeba mazao yenu. Wakapanda migomba. Na ardhi ile, acheni tu. Unachimbia mgomba asubuhi, jioni unakimbia mkungu usikuangukie.

Lakini gari moshi sasa. Chaku-chaku, chaku-chaku, puuu! Likapita. Kesho yake, chaku-chaku, chaku-chaku, puuu! Likapita. Ndizi zikaiva, zikaoza. Nzi wakanenepa hata wakashindwa kuruka, wakawa wanakwenda kwa miguu.

Watu wakachoka, wakafunga mizigo. Jirani mmoja, Mbaruku, akaenda kumuaga Bibi Sikudhani, mkongwe wa kijiji.

"Shikamoo Bibi. Sisi tunahama."

"Marahaba. Na mimi?"

Mbaruku akatazama chini. Miguu ya Bibi ilikuwa imevimba, hata kisimani hafiki. Bibi akaelewa. Wenzake wataondoka, yeye atabaki na nzi.

"Kwani hapa pana ubaya gani?"

"Tutakula nini, Bibi? Gari lenyewe halituoni."

Kila siku Bibi alilisikia gari lile likipanda kilima cha pale kijijini. Linapanda kwa tabu, linakohoa, kuku analipita, na kuku mwenyewe anasimama njiani kudonoa.

"Mbaruku, zile ndizi zilizooza bado zipo?"

"Tele."

"Zipondeni, mzipake kwenye reli, kilima chote. Halafu mwambie mkeo ateleke sufuria kubwa."

Wakapaka. Gari likaja. Chaku-chaku, chaku-chaku, cha... Magurudumu yanazunguka, gari haliendi. Fyuuu! Likarudi kinyumenyume, kama mtu aliyemwona mama mkwe njiani, likatua mbele ya kijiji. Likajaribu tena. Fyuuu! Palepale.

Dereva akashuka, masizi uso mzima.

"Nani kapaka ndizi reli yangu?"

"Mimi, mwanangu," akasema Bibi. "Ulikataa kuzibeba, zimekubeba wewe."

Dereva akataka kufoka, harufu ya ndizi kwa nyama ikamziba mdomo. Abiria walishashuka kitambo. Walikula, wakanunua mikungu, mmoja akaulizia hata bei ya mlango wa banda la kuku.

"Reli mtaisugua saa ngapi, Bibi?"

"Ukishashiba. Na ukiahidi kusimama."

"Wakubwa watanifukuza kazi."

"Wakikufukuza njoo, shamba tutakupa."

Dereva akacheka mpaka masizi yakamdondoka. Akaahidi. Wakasugua reli kwa mchanga, gari likapanda.

Siku ya pili hakuna aliyegusa reli. Watu wamesimama njiani, mizigo kichwani, wametega masikio. Bibi ameketi mlangoni.

Chaku-chaku. Chaku-chaku. Chaku. Cha.

Kimya.

Dereva akachungulia. "Bibi, leo sijateleza, nimesimama mwenyewe. Jikoni kuna nini?"

Mbaruku akatua mzigo, akaenda kumtafutia kigoda.

Basi anayekupita kila siku usimrushie mawe, mpe sababu ya kushuka. Hadithi yangu imefika kituoni. Mwenye ya kwake naye apakie, tuone kama itapanda kilima.