Kuku Mweusi wa Sikudhani

“Ukoo wa kuku waulize vifaranga.” Mmeisikia, mkacheka, sasa mnataka asili yake. Haya, tulieni. Methali hii ilizaliwa kwa uchungu.

Huko milimani Upare aliishi mama mmoja, Namkunda, mwenye kuku weusi tii waliotaga mayai ya kibuluu. Kuku hao hawakuuzwa wala kugawiwa. Kila mama alimpa binti yake siku ya kuolewa, basi. Namkunda aliwalinda kwa jicho kali, na jicho kali, wanangu, halikosi cha kuona.

Msimu mmoja, mmojawapo wa kuku wake alipotea. Watu wakasema ni kicheche. Baadaye akaenda kuomba moto kwa jirani yake Sikudhani, mjane aliyehamia kutoka pwani, shoga yake wa kuchota maji. Pembeni mwa jiko, kuku mweusi alikuwa akilalia mayai ya kibuluu. Namkunda akausahau moto.

Tangu hapo, machoni pa Namkunda, Sikudhani akimsalimu, anaficha jambo. Akinyamaza, ndiyo hasa. Namkunda hakulala vizuri hadi alipomwendea na wanawake wenzake.

“Huyu kuku umempata wapi?”

“Nimemlea tangu kifaranga, dada. Mama yake ni yule wangu mwekundu.”

“Mwekundu azae mtaga mayai ya kibuluu? Umeniona mjinga?”

Sikudhani aliwatazama wale wanawake. Hakuna aliyemtetea. Akainua tenga, kuku na mayai yake, akampa Namkunda.

“Mchukue. Mimi sikai mahali ninapoitwa mwizi.”

Namkunda alirudi kwake ameridhika. Mayai yakaanguliwa: vifaranga wengine weusi, wengine wekundu. Akaketi chini. Bibi yake alimfundisha kwamba kuku wao halisi, hata apandwe na jogoo wa rangi gani, huzaa weusi watupu. Huyu alikuwa chotara. Jogoo wake mwenyewe, aliyezoea kuruka ua, ndiye aliyempanda yule mwekundu na kumpelekea Sikudhani mbegu ya mayai ya kibuluu.

Alibeba tenga mbiombio hadi kwa Sikudhani. Mlango ulikuwa umefungwa, jiko limepoa, na hakuna aliyejua Sikudhani alikwenda kijiji gani cha pwani. Namkunda alijuta sana. Alimtunza kuku yule mpaka akafa kwa uzee, na yai lake hakulionja.

Mtu akimjia na maneno, “Fulani ni mwizi, nimeona kwa macho yangu,” alimjibu taratibu:

“Umeona yai tu. Ukoo wa kuku waulize vifaranga.”