Mji Usio Upande Wowote

Hapo zamani, katika nchi ya Kitongo, alikuwako kijana fukara jina lake Mzale, aliyesoma sheria kwa walimu wa pale mpaka wakaishiwa la kumfundisha. Ikawa tamaa yake ni kwenda ng'ambo, akapate daraja ya juu, arudi awe kadhi. Watu walimwona punguani, kwa kuwa kila neno alilichukua vile vile lilivyotoka kinywani mwa msemaji.

Basi akaenda kwa Sultani Badrani kuomba nauli. Sultani akauliza, "Wataka kusoma mji gani?"

Kabla hajajibu, mawaziri wakadakia. Huyu asema mashariki, kwa wakwe zake; yule asema magharibi, kwenye vyuo vya minara; wa tatu akaapa kwa ndevu zake kwamba sheria ya kweli iko kaskazini. Wakavutana hata vilemba vikaanguka. Sultani kichwa kikamuuma, akafoka:

"Nyamazeni! Mzale, nitakugharimia, ila mji huo usiwe mashariki ya kiti changu hiki, wala magharibi, wala kaskazini, wala kusini. Ukishindwa, utachunga punda wangu maisha yako yote, na habari ya sheria nisiisikie tena!"

Mzale akatoka akizunguka mbali na zizi, maana punda aliwaogopa tangu utotoni. Lakini njiani akasimama ghafla, akacheka peke yake hata wauza kashata wakamhurumia.

Asubuhi akamuaga mama yake kwa machozi, akajitwika mkeka, sufuria na vitabu, akaenda moja kwa moja hata barazani. Sultani alikuwa bado anastaftahi ndani. Mzale akapanda kitini, akatandika mkeka, akaanza kusoma kwa sauti.

Askari wakamrukia.

"Msinivute! Huko ni mashariki, Sultani amekataza! Na wewe wanipeleka kusini, wataka nichunge punda?"

Askari wakamwachia, wakabaki kukizunguka kiti kama kuku.

Sultani akaingia. "Mzale! Wafanya nini kitini pangu?"

"Nasoma, Maulana. Nimetafuta mahali pasipo upande wowote wa kiti chako, nisipaone ila kiti chenyewe."

"Lakini wewe ulitaka ng'ambo!"

"Kwa fukara kama mimi, ng'ambo gani ipitayo hii? Tangu nizaliwe sijaikanyaga."

"Ondoka!"

"Niende upande gani, bwana wangu?"

Sultani akakitazama kiti chake. "Na mimi nitaketi wapi?"

"Vumilia, Maulana. Masomo ni miaka michache tu."

Hapo Sultani akaangua kicheko, akacheka hata akashikilia nguzo. "Nimeifuta amri yangu! Nenda upande wowote uupendao!"

"Basi nitakwenda kusini," akasema Mzale, "kwa kuwa huko hakuna waziri mwenye wakwe. Nitasoma kwa utulivu."

Mawaziri wakainamisha nyuso. Sultani akampa nauli, matumizi na joho jipya, kisha akamwuliza, "Lakini ukasome nini tena, nawe umekwisha kunifunga kwa maneno yangu mwenyewe?"

"Kufunga watu najua, Maulana. Nakwenda kujifunza kuwafungua."

Akashuka kitini, akaondoka. Na wanaoisimulia habari hii mpaka leo hushindwa kuimaliza kwa kicheko.