Mkia wa Kondoo wa Chilongani

“Kiangazi, kondoo hula mkia wake.” Mnacheka, wajukuu zangu. Mnamwaza kondoo akijigeuza na kujing'ata kama mbwa mwenye viroboto. Sivyo. Sikieni usemi huu ulikotoka.

Ugogoni palikuwa na mjane, Sechelela, aliyechunga mifugo ya watu. Ujira wake ulikuwa maziwa, na hayo ndiyo yaliyowalea wanawe. Masika yalipokwisha, Chilongani wa ng'ambo ya mbuga alimletea kondoo dume amchungie, wa kuchinjwa kwenye harusi ya binti yake Chilongani. Mkia wake ulikuwa mpana kama ungo, umejaa mafuta, ukitikisika kwa kila hatua. Chilongani naye alikuwa na kitambi kilichomtangulia popote alipokwenda.

“Mkia huu ndio heshima yangu kwa wakwe,” alisema akiupapasa.

Kiangazi kikaja kikali. Nyasi zikaisha, kondoo wakatafuna mabua. Sechelela aliuona mkia ukinywea siku hadi siku, lakini mwenye mkia alikuwa bado anatembea, tena akipiga wenzake pembe.

Chilongani aliporudi akaushika mkia. Ukalegea mkononi kama mfuko mtupu. Akapiga yowe, majirani wakajaa.

“Huyu mama kaniibia mkia!”

“Si ule pale?” jirani mmoja akauliza.

“Lile ni ganda! Mafuta kaungia mboga! Wenye mifugo, chukueni wanyama wenu leo hii!”

Jirani yule yule akaanza kumfungua mbuzi wake. Sechelela, asiyezoea kusema mbele za watu, akainamisha macho. Akaiona miguu ya Chilongani. Akapandisha macho kidogo, akaiona shuka yake: imezungushwa mara mbili na kukazwa kwa kamba.

“Baba,” akasema taratibu, “na kitambi chako, ulimwachia nani akuchungie?”

Watu wakaangua kicheko. Chilongani akafoka, “Kitambi kimeliwa na njaa! Bila hicho mngenizika!”

“Basi mwenzio hakuwa na kitambi, baba. Alikuwa na mkia.”

Chilongani akajishika tumbo, akamgeukia kondoo. “Kumbe na wewe!” akamwambia.

Jirani akamfunga tena mbuzi wake. Harusi ikangoja mvua. Majani yalipoota, watani wakawa wanawapima wote wawili, kondoo na mwenyewe, kila wiki, na mkia ukajaa kabla ya kitambi.

Kwa hiyo mkimwona mtu amekonda katika shida, msimtafutie mwizi wala mchawi. Akiba yake imefanya kazi. Kiangazi, kondoo hula mkia wake.